Fomu Yangu ya Maswali Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya afya pale Kasongo, sikupewa kiti. Nilipewa baiskeli, kalamu mbili na bunda la fishi, yaani zile karatasi za mistari ambamo wahudumu wa vijiji walijaza hesabu ya wagonjwa, ya wajawazito na ya watoto wa kuchanjwa. Bwana Msimamizi, mzee aliyefunga tai hata jua likiwa kali, alinitazama juu mpaka chini.

"Weye ni karani wa hesabu," akasema. "Basi ujue, hesabu haiko humu ndani mu biro. Iko ku vijiji. Panda velo."

Nilipanda baiskeli yangu. Miaka mingi nilipita njia za Kasongo nikikusanya fishi zilizolowa mvua, nyingine zikinuka samaki kwa sababu zilisafiri katika kikapu kimoja nao. Fishi ilikuwa na safu kumi na nne, na ya mwisho iliitwa Maelezo. Ninyi vijana hamwezi kujua safu ile ilivyonitesa. Mhudumu alijaza humo chochote kilichomkaa moyoni: daraja limevunjika, muuguzi amefiwa, mke wa chifu hataki kusikia habari za sindano kwa sababu mwanawe alilia siku nzima. Nilinung'unika kila mwisho wa mwezi, lakini nilisoma, na nisipoelewa nilirudi kijijini kuuliza.

Kisha nikahamishwa Kabambare. Huko niliongozwa na Daktari Mkuu, mtu mwema, lakini wa haraka. Simu zilikuwa zimeshaenea, na magoti yangu yalikuwa yameshachoka na velo. Asubuhi moja akaniita.

"Papa, hesabu zinanifikia wakati ugonjwa umeshapita. Tafuta njia ingine."

Akanionyesha katika simu yake chombo cha kutengenezea fomu mtandaoni. Nakiri nilikipenda siku ileile. Kilikuwa ukurasa mweupe tu. Unaandika swali, unachagua kama jibu ni maneno au namba, unatuma anwani ya fomu kwa wahudumu, basi. Hakikutaka mafunzo ya wiki mbili wala kompyuta kubwa. Kwa kuwa kilikuwa chepesi, kilifunguka hata kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na hata rezo, yaani mtandao wa simu, ikiwa dhaifu. Mhudumu akibonyeza huko Wamaza, upande wa mbali wa eneo letu, jibu naliona Kabambare kabla chai yangu haijapoa, bila kutoka ofisini.

Kasoro zake nilizijua pia, maana wahudumu hawakuacha kunipigia. Rezo ikikatika katikati, yote uliyoandika yamekwenda na maji. Ukishatuma, huwezi kurudi kusahihisha. Swali la namba halipokei herufi hata moja. Mtu akituma mara mbili, chombo kinahesabu mara mbili na hakikuulizi neno. Lakini niliwaambia wavumilie, kwa sababu jedwali lililonijia lilikuwa safi, na mimi nilikuwa na njaa ya usafi baada ya maisha yangu yote ya kusoma miandiko.

Fomu ya kwanza niliyotunga ilikuwa na maswali manane. La nane lilikuwa kisanduku cha Maelezo. Nilikitazama, nikakumbuka mke wa chifu na daraja, nikakifuta. Chombo hakikunilazimisha. Nilikifuta kwa kidole changu mwenyewe, nikafurahi.

Ukafika wakati wa kupanga chanjo ya surua. Swali la nne la fomu yangu lilikuwa: "Leo kijijini kuna watoto wangapi wa chini ya miaka mitano?" Kutokana na namba hiyo tulipima dozi za kubeba na siku za timu kukaa. Mama Veronika, mhudumu wa kijiji kimoja upande wa Wamaza, alipanda kilima kutafuta rezo, akanipigia.

"Chef, batoto haiko hapa. Mupunga imeiva, watu wote bako ku kambi za mashamba na batoto yao. Watarudia kisha mavuno. Ile neno niandike wapi?"

"Swali inauliza ya leo, mama. Leo iko wangapi?"

"Tisa tu, chef. Lakini..."

"Basi andika tisa."

"Ndiyo, chef," akasema.

Kila mtu wa mkoa wetu wa Maniema anajua kwamba wakati wa mavuno kijiji huhamia mashambani, wakabaki wazee na wagonjwa. Mimi mwenyewe nimelala utotoni katika vibanda vile, nikifukuza ndege kwenye mpunga. Nilijua, na bado nikamwambia aandike tisa. Timu ilikwenda na dozi chache, ikachanja tisa, ikaondoka siku ileile. Mavuno yakaisha, watu wakarudi, surua ikaingia. Watoto watatu walikufa. Mmoja alikuwa wa binti yake Mama Veronika.

Daktari Mkuu alifungua jedwali, akalisoma polepole, akanishika bega. "Papa, fomu ilijibiwa vizuri. Kosa si yako." Natamani angenigombeza. Sikumwambia habari za ile simu. Hilo nalo ninalijutia.

Nilirudisha kisanduku cha Maelezo jioni ileile, na nilikisoma kila siku mpaka nilipostaafu. Vijana wanaoniuliza kama vyombo hivi vifupi ni vizuri, nawaambia ni vizuri kwa anayejua la kuuliza. Mimi nilijua, ila niliona uvivu kusikiliza. Aibu hiyo siwezi kuitwika simu.

Baada ya kustaafu nilikodi pikipiki mpaka Wamaza. Nilimkuta Mama Veronika akitwanga. Aliponiona aliweka mchi chini, akanipa kigoda na maji ya kunywa, kama mgeni yeyote. Nikamwambia yote: kisanduku, kidole changu, na kwamba alikuwa ameniambia ukweli nikamfunga mdomo. Nikamwomba msamaha.

Hakulia wala hakunitukana. Alitazama magurudumu ya pikipiki yaliyojaa tope.

"Umetoka wapi leo, papa?"

"Kabambare."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Akaokota mchi wake.

"Kumbe njia iko," akasema, akaendelea kutwanga.