Bangili za Mama na Mgodi wa Japani

Nakumbuka Alhamisi moja hapa mjini kwetu Ibra, mwanangu, ndiyo kwanza nimerudi kutoka Japani na kichwa changu kimejaa mawe. Serikali ilinipeleka kusomea madini, na huko walitutembeza kwenye mgodi wa kale wa fedha, uliofungwa zamani mpaka miti imeota juu yake. Niliinama katika mahandaki waliyoyachonga watu kwa patasi na nyundo, wakimulikiwa na mafuta yaliyowashwa ndani ya makombe ya baharini. Mkufunzi wetu alituonesha jiwe la kijivu lenye kumeta. Fedha, alisema, haikai peke yake. Imechanganyika na madini mengine: risasi, shaba na kiberiti. Wazee wao waliyeyusha mawe hayo pamoja na risasi juu ya majivu, majivu yakanywa risasi, ikabaki fedha. Niliupenda sana mgodi ule. Hata leo nikianza kuueleza, mamako huondoka chumbani.

Basi Alhamisi hiyo mama mkwe wa dada yangu alikuja kutazama vitu vya harusi. Mama akavua bangili zake mbili za fedha, alizopewa na bibi yake Unguja, ili amvishe dada. Nami nilikuwa na kichupa cha tindikali mfukoni. (Kijana gani hutembea na tindikali mfukoni? Mimi.) Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikakwaruza bangili moja kwa ndani, nikadondosha tone, likageuka kijani.

"Hii si fedha tupu," nikasema kwa sauti ya mwalimu. "Ina shaba."

Mgeni akainamia kahawa yake. Mama akazifunga bangili katika leso. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa mbele ya wakwe.

Badala ya kuomba radhi, asubuhi yake nikazichukua hadi mji wa Nizwa kwa sonara mmoja mzee aliyekulia Wete, aitoe shaba yote. Nikamwamkia, nikamweleza kisa chote. Akazigeuzageuza mkononi.

"Kuitoa naweza, yakhe. Lakini fedha tupu laini. Mamako akikanda unga mara moja tu, bangili imepinda. Aliyeitia shaba alijua kazi yake. Na huko Japani, fedha uliikuta peke yake?"

"La, mzee."

"Basi wamekufunza, wallahi, ila hukusikia. Umeipima bangili, mamako hukumpima. Rudi kwenu."

Nikarudi nazo vile vile. Mama alikuwa uani akichagua mchele. Nikambusu kichwa, nikamwomba radhi, na jioni nikaenda kwa yule mkwe nikayasema hayo hayo. Mama alilia kidogo.

"Nilidhani umerudi," akaniambia, "kumbe nilikuwa nimekupoteza huko huko Japani."

Neno hilo linaniuma hadi leo.

Sasa wewe, mwanangu, umerudi juzi na shahada yako, na jana nilikusikia ukikisahihisha Kiarabu cha mamako mbele ya wageni, wakacheka. Sikukemei. Ulisema kweli, kama mimi. Lakini kweli ambayo hakuna aliyeiuliza, ikamvua mzazi heshima mbele za watu, hiyo si elimu. Ukiona kosa la mkubwa wako, ngoja mbaki wawili, na umwulize kabla hujamwambia. Na ukishakosea, usitafute fundi. Nenda kwa uliyemkosea.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye adabu, na akujaalie radhi ya mamako angali hai. Wangu mimi namzuru makaburini. Wako yuko chumba cha pili. Inuka.