Fundi Nakuja Kwenye Chumba cha Mtihani

Ofisini walimwita Nakuja, kwa sababu ndilo neno alilojibu kila simu yake ilipolia. Printa imetafuna karatasi? Nakuja. Kompyuta imeganda? Nakuja. Mhasibu amemwagia kibodi chai, kwa mara nyingine tena? Nakuja, mama, usiiguse. Alikuwa fundi wa kompyuta wa jengo zima, ghorofa kwa ghorofa, na lifti ilikuwa imekufa siku nyingi.

Umri wake ulikuwa umempitia chini ya meza za watu. Magoti yalianza kulia kama bawaba kavu, na mshahara ulikaa palepale kana kwamba umepigiliwa misumari. Vijana aliowafundisha kushika bisibisi walijiendeleza, wakahamia kwenye ofisi za viti vya kuzunguka. Hakuwaonea kijicho, aliwaombea heri. Ila alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kuisha kwa kulala.

Basi meneja akamwita. "Baba, nafasi ya msimamizi wa mtandao iko wazi. Kazi yenyewe unaifanya tayari, lakini wakubwa wanataka cheti. Ukifaulu mtihani mwezi huu, nafasi ni yako. Usipofaulu, tutaitangaza nje."

Mshahara wa kueleweka, na kazi ya kukaa kwenye kiti! Nakuja alitoka mle ndani akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Akanunua kitabu kilichokwisha kutumika, kinene kama tofali. Kila alipokifungua mezani, simu ililia. Ikabidi asome kwenye ngazi, kati ya ghorofa na ghorofa, ameegemea ukuta. Nyumbani mke wake alimuuliza maswali huku akikunja nguo.

"Anwani ya mtandao ina sehemu ngapi?"

"Kwani wewe unajua?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Jibu, usinitegee."

Siku ya mtihani mke alimwombea mlangoni, akamnyoosha kola. Kwenye chumba cha mtihani kompyuta zilipangwa ubavu kwa ubavu. Simu ziliachwa nje, na msimamizi, kijana mwenye miwani, akasoma sheria. "Kila mtu na mashine yake. Ikikusumbua, nyoosha mkono, usubiri. Ukigusa ya mwenzako, mtihani wako umefutwa."

Nakuja akaanza. Maswali yalimjia kama watu anaowafahamu, tena wengine aliwahi kuwatengenezea. Hapakuwa na wa kumwita. Akahisi mabega yameshuka, kitu ambacho hakikuwa kimemtokea kwa muda mrefu. Alikuwa ameshapita katikati ya mtihani aliposikia dada wa kiti cha pili akinong'ona, sauti imejaa machozi.

"Jamani, imeganda. Mungu wangu, imeganda."

Kabla akili haijafika, mwili ulishainuka.

"Nakuja," akasema kwa sauti, akaingia chini ya meza ya yule dada. Waya wa mtandao ulikuwa umelegea nyuma ya mashine. Akausukuma mpaka ukalia *tik*. Juu yake akasikia dada akishusha pumzi. Alikuwa bado amepiga magoti, anajifuta vumbi mikononi, alipoona viatu vya msimamizi.

"Mzee, unafanya nini huko chini?"

"Waya ulilegea tu. Tayari, inafanya..."

Hapo ndipo akaikumbuka sheria. Akakaa palepale sakafuni.

"Kaka, mimi sikumwita!" dada akaanza kulia. "Amenihurumia tu, msamehe."

"Dada, endelea na mtihani wako." Kijana yule hakuwa mtu mbaya, hata macho yake hakuyainua. "Mzee, unisamehe. Kamera zinaniona hata mimi. Toka tu nje."

Nyumbani mke wake alimwona usoni. Alimvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata huko umekwenda kuwatengenezea?"

Walicheka, wakacheka, mpaka Nakuja akaanza kujifuta machozi ambayo hayakuwa ya kicheko. Mke akamletea maji.

Nafasi ikatangazwa nje, kama alivyoambiwa. Nakuja alijiandikisha tena kwa mtihani, ingawa safari hii hakuna kiti kilichokuwa kinamngoja. Asubuhi alipokifungua kitabu mezani kwake, simu ikalia. Mhasibu.

"Nakuja, printa imekwama, njoo."

Neno lilishafika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Mama, uko karibu nayo?"

"Niko mbele yake, tunatazamana."

"Fungua mlango wa nyuma, polepole. Unaiona karatasi?"

"Mimi? Nikiivunja je?"

"Hutaivunja. Ivute kwa mikono miwili."

Akasikia mlango wa printa ukifunguliwa. Kisha kelele zilizomfanya aondoe simu sikioni.

"Imetoka! Imetoka yenyewe! Kumbe na mimi fundi!"

"Hongera, fundi. Na nyingine ikikwama, ni hivyohivyo."

"Kwani wewe unaumwa leo?"

"Nasoma, mama."

Akakata simu. Magoti yalimuuma ingawa hakuwa amesogea hata hatua moja. Akatafuta mstari alioishia. Hajaumaliza, simu ikalia tena, safari hii mapokezi. Akaiacha ilie, kidole juu ya mstari, midomo ikisoma, mpaka alipofika kwenye nukta. Ndipo akaiinua.

"Haya, niambie," akasema. "Unaona nini hapo kwenye kioo?"