Koko alimwita mdogo wangu Petero

Admin, ficha jina langu. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki ninayekaa naye benchi moja darasani. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, tunaishi Kingi, huku Masisi. Nasoma shule ya Wakatolika, ingawa nyumbani tunasali kwa Waprotestanti. Siyo mtu wa kusema sana. Nikiwa na swali, natafuta kitabu.

Papa alizaliwa Mkatolika. Alipomuoa Mama, ambaye anaongoza kwaya yetu, alimfuata kanisani kwake. Mama yake Papa, tunayemwita Koko, hajamsamehe Mama kwa hilo. Vita vilipomfukuza kijijini kwake, ng'ombe wake wakaisha, alikuja kukaa kwetu na rozari yake. Hana mahali pengine.

Mdogo wangu Danieli alipozaliwa, Koko alitaka abatizwe mara moja. Mama akamjibu, "Mama mukwe, mutoto hajue hata kutubu. Akikomaa, ataingia mu mto yeye mwenyewe."

Koko akacheka. "Na kama Mungu anamuita mbele ya kukomaa? Utamwambia Mungu angoje mto?"

Tangu siku hiyo Mama akaanza kumwangalia Koko kwa jicho la pembeni. Wanawake wa shirika, kile kikundi cha sala cha Wakatolika wa mtaani, wakija kumsalimia Koko, Mama hamtoi mtoto mgongoni. Wakiondoka anasema, "Hawa hawakukujia chai." Lakini kuosha mtoto mchanga ni kazi ya mama wa baba, na kwetu mtu hanyang'anywi kazi hiyo. Hapo Mama hakuwa na la kufanya.

Mwezi uliopita Danieli alishikwa na homa kali. Mama alikimbia barabarani kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali, akamwachia Koko amwoshe ili joto lipungue. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona Koko akichota maji kwa kikombe, akayamwaga kichwani mwa mtoto mara tatu, midomo yake ikicheza. Hakumwosha mahali pengine popote.

Danieli alipona hospitalini, lakini mimi nikaanza kumchunguza Koko. Siku moja, akidhani yuko peke yake, nilimsikia akimbembeleza mtoto: "Nyamaza, Petero wangu." Nikafungua kitabu cha dini cha shule. Kinasema mtoto akiwa karibu kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, na ubatizo haurudiwi. Sasa kila kitu kinanitia shaka. Mwalimu wa dini aliponiuliza kama mdogo wangu amepona, nilijiuliza: huyu naye ameambiwa nini?

Nilimuuliza Koko, "Petero ni nani?"

Aliendelea kuchambua maharagi. "Weye unasoma sana. Soma na kunyamaza." Kisha akasema polepole, "Mama yako akijua, miye nitalala wapi?"

Jumapili mchungaji atamwombea Danieli mbele ya kanisa lote, na Mama amenichagua mimi nimbebe. Kila siku ananiuliza, "Siku ile ya homa, Koko alimufanya nini?" Najibu, "Alimuosha." Nikisema ukweli, Koko anafukuzwa. Nikinyamaza, nasimama mbele ya Mungu na uongo mgongoni. Papa anawaogopa wote wawili. Ninyi wakubwa wa makanisa yote, msigombane kwenye komenti hapa chini. Niambieni tu: niseme, ao ninyamaze?

Admin, naongeza haya kwa sababu Jumapili imefika kabla hujaposti.

Asubuhi Mama alipokuwa akinifunga kitenge cha kubebea mtoto, nilimwambia yote. Hakupiga kelele. Alifungua kitenge, akamfunga mtoto mgongoni kwake, akamkuta Koko mlangoni.

"Ulimupa jina gani?"

"Petero. Nilijua anakufa."

"Mutoto wangu anaitwa Danieli," Mama akasema, akaenda kanisani na Papa nyuma yake.

Koko alifunga nguo zake ndani ya shuka, akaketi nje kungoja pikipiki, lakini hakusema inampeleka wapi. Mimi sikwenda kusali. Nilichukua lile furushi, nikaliingiza chumbani kwangu, nikafunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni. Wamerudi kutoka kanisani, Koko bado ameketi nje, na ufunguo bado ninao.