Kiatu cha Mguu Mfupi

Nashona viatu mjini Malindi, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba. Mwanzoni wateja wakinikuta mimi, mwanamke, nimeshika sindano waliuliza fundi yuko wapi. Nikiwaambia fundi ni mimi, wengine waliondoka na viatu vyao mkononi.

Asubuhi moja alikuja mama mkulima kutoka Ganda, akichechemea. Zamani aliteleza kisimani akavunjika mguu wa kushoto, ukaunga vibaya, ukabaki mfupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu aolewa mwezi ujao. Nataka niingie arusini nimenyooka kama watu wengine. Yawezekana?"

"Yawezekana," nikajibu, ingawa sikuwahi kushona kiatu cha namna hiyo.

Nikamsimamisha, nikawa naweka soli kuukuu chini ya ule mguu, moja baada ya moja, huku nikiangalia nyonga zake. Soli ya kiatu cha kike cha ngozi, nyembamba kama biskuti, haikubadilisha kitu. Ya champali, zile ndara za mpira, ilimwinua kidogo. Nikaongeza ya raba, nene kisiginoni, nyonga zikakaribia. Zilipolingana kabisa, rundo lilifika unene wa vidole vitatu.

Kiatu cha kwanza nilikipa soli ya tairi, kama ya akala, maana tairi haliishi upesi. Nililibandika nene sawasawa kutoka kisigino hadi vidoleni. Mama alipokivaa alisimama wima, nami nikajua nimeshinda. Akapiga hatua tatu, akajikwaa.

"Chanivuta kama jembe lililoshika udongo," alisema taratibu, asiniumize moyo.

Nilimwomba arudi baada ya wiki. Siku mbili sikuona la kufanya. Halafu niliangalia vizuri raba za mkimbiaji mmoja zilizoletwa kubandikwa: nyuma nene, mbele zimepungua na kuinuka kidogo. Hapo nikaelewa kwamba unene peke yake hautoshi. Mguu unataka njia ya kubingirika.

Nikashuka ufuoni nikaokota champali zilizotupwa na maji. Niliziosha, nikazianika, nikazikata na kuzigandisha tabaka kwa tabaka, kwa sababu ni nyepesi. Kisiginoni niliacha vidole vitatu, mbele nikachonga mpaka kimoja na nusu. Chini kabisa nikaweka ukanda mwembamba wa tairi, na pembeni nikazungusha ngozi nyeusi kama ya kiatu cha mguu wa kulia.

Mama aliporudi alikivaa, akatembea hadi duka la pili, akageuka, akarudi. Akaenda tena, mara hii hata dukani hakusimama, akaendelea mpaka barabarani. Nilimwona anarudi akifuta macho kwa ncha ya leso.

Alinialika arusini, nami nikaenda. Aliingia mbele ya jamaa zake, mabega sawa, mkono mmoja umemshika bibi arusi. Ngoma ilipochanganya akaingia uwanjani, akacheza na dada zake, na viatu vyake havikumsaliti.

Mwanamke aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Huyu si yule aliyekuwa akichechemea? Viatu vile kamshonea fundi gani?"

"Mimi," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka kunitazama.