Okidi Niliyompelekea Mama Mkwe

Jamani, ua nililolivulia viatu leo limeliwa na mbuzi!

Nilikuwa naenda Miyuji kujitambulisha kwa mama yake Neema, mchumba wangu. Nikapitia kinamasi kule Ihumwa, tope hadi magotini, nikang'oa okidi na mizizi yake ili mama aipande.

"Shikamoo mama. Nimekuletea ua."

"Marahaba, baba."

Akakata viazi vya mizizini, ua akamtupia mbuzi.

Kumbe kwao Sumbawanga viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa na karanga, vikapikwa chikanda. Kitoweo hicho!

Akamgeukia binti yake: "Neema, huyu usimwache. Wenzake wote walileta maua tu."

Nikacheka kwa furaha.

Halafu nikaacha kucheka.

Wenzangu gani tena hao? Neema, unasoma hapa, jibu!