Jezi ya Kapteni wa Bundi

Juzi nilifungua buti la gari kutoa mfuko wa hoki wa mwanangu, harufu ikanipiga usoni: jasho lililolala, ngozi iliyolowa, chuma, na kitu kama maziwa yaliyosahauliwa juani. Wazazi wenzangu pale maegeshoni huziba pua. Mimi nilisimama nikaivuta. Wallahi niliivuta, kama mtu anayenusa pilau la jirani. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa sebuleni kwetu nilipokuwa na miaka kumi, na ndani yake mna jambo nililolificha miaka thelathini. Sogeeni niwaambie.

Tulikaa North York, huku ughaibuni kwenye theluji, ghorofa ya kumi na moja, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Tulimwona mwisho wa wiki, na wiki nyingine hata hapo hatukumwona. Mama ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, na nguo ikipita mkononi mwake hujui tena ilichanika wapi. Alishonea wanawake wa Kikongo magauni ya harusi, akapunguza suruali za majirani, kisha akapata kazi ya ajabu kuliko zote: kushona jezi zilizochanika za timu ya hoki ya barafu.

Si ile timu kubwa mnayoifikiria. Hii ilikuwa ya ligi ya chini, inacheza kwenye uwanja mkongwe wa matofali mtaa wa tatu kutoka kwetu, mbele ya mashabiki ambao karibu wote walijuana kwa majina. Iliitwa Bundi. Mama alipomwona huyo ndege kifuani mwa jezi ya kwanza, kamkodolea macho mawili ya njano, aliiweka mezani taratibu.

"Yaani watu wazima na akili zao wamekaa, wakafikiri, wakachagua bundi?" aliuliza. "Halafu wanashangaa hawashindi?"

Lakini kazi ni kazi. Alipiga bismillahi kabla ya kila jezi, na akimaliza aliigeuza ndani nje ili bundi asitutazame tukila.

Aliyezileta alikuwa mtunza vifaa wa timu, Mzee Walter, mzungu mrefu mwenye mgongo uliopinda na pengo la meno matatu mbele. Aliwasikia majirani wakimwita mama "Mama Zuhura", akadhani Zuhura ndiyo ukoo, basi mifuko yote ya jezi ikawa inakuja imeandikwa jina langu kwa kalamu nene. Nilijiona mtu mkubwa mno.

Kiingereza cha mama wakati ule kilikuwa cha maneno ya kuhesabu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Na mkalimani mwenyewe, Mungu anisamehe, alikuwa mvivu. Kiswahili nilikielewa chote, ila kukisema ilikuwa mpaka nibanwe. Mzee Walter akishapewa chai ya tangawizi, alitandaza jezi magotini moja moja akaanza kusimulia. Hii ya sufu, iliyoliwa na nondo kwapani, ni ya mwanzo kabisa, wafanyakazi wa kiwanda cha biskuti walipoanzisha timu, wakicheza Jumamosi baada ya zamu huku unga bado uko kwenye nywele. Hii yenye kola ni ya enzi zake yeye alipokuwa kipa, na yale meno matatu yalibaki kwenye barafu ya uwanja uleule. Hii ya nailoni ni ya kijana aliyepanda akaenda ligi kubwa, akacheza mechi mbili, akarudi akawa fundi bomba. Kiwanda kilifungwa, timu ikabaki. Kombe hawakuwahi kulishika hata siku moja.

Masimulizi hayo yalichukua karibu nusu saa. Mimi nikamgeukia mama nikasema, "Anasema timu ni ya zamani."

"Basi?" Mama aliacha kukanyaga cherehani. "Mzee wa watu machozi yanamlengalenga, wewe unaniambia timu ni ya zamani?"

Sasa, msimu ule, majira ya baridi yakielekea ukingoni, kikatokea kioja: Bundi wakaanza kushinda. Wakashinda tena, na tena. Alhamisi moja Mzee Walter alikuja na jezi moja tu, ile nyeupe ya kapteni, mkono umechanika toka begani. Hakuketi. Aliniinamia akasema polepole, nisikose neno: mwambie mama aishone, ila asiifue. Tangu waanze kushinda haijaguswa na maji, na wachezaji wote wanaijua hiyo habari. Jumapili ni mechi ya kuamua nani anaingia fainali, na mwenye timu ameshatamka kwamba wasipoingia, timu inahamishiwa mji mwingine. Yeye ameishi na timu hii tangu ujana, hana pengine pa kwenda. "Mwambie," akarudia. Nikaitikia kwa kichwa.

Naomba mnisikilize kabla hamjanihukumu. Shuleni nilikuwa na rafiki mmoja, Priya, wa kufa na kuzikana, na wiki ileile alikuwa amehamisha kiti chake. Alisema nanuka. Sweta zangu zilining'inia sebuleni pamoja na zile jezi, na harufu ile haibishi hodi. Nilikuwa nimelia chooni shuleni siku mbili mfululizo. Na hapo mezani kwetu imelala jezi ya kapteni, ngumu kwa jasho kiasi kwamba ungeiegemeza ukutani ingesimama yenyewe.

"Kasemaje?" mama akaniuliza mlango ulipofungwa.

"Kasema uishone," nikajibu. "Na uifue. Uifue sana."

Weee, mama alivyofurahi! "Alhamdulillahi, leo wamepata akili." Aliishona, akailoweka kwenye beseni, akaisugua kwa mikono mpaka maji yakawa rangi ya chai, akaisuuza maji matatu, akaitia bluu kidogo weupe urudi, akaianika, akaipiga pasi na kuikunja kama shuka la wageni. Nyumba nzima ilinukia sabuni, nami nikalala nikiwa na raha.

Jumapili asubuhi Mzee Walter alikuja kuichukua. Alifungua mfuko, na harufu ya sabuni ikatoka kabla ya jezi. Hakupiga kelele, ningeshukuru angepiga. Alikaa kwenye mkono wa kochi, jezi imelala mapajani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Zuhura, nilisema isifuliwe."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikajibu haraka, "Anashukuru."

Mama alimtazama mzee. Akanitazama mimi, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaja kusimama katikati yetu, akajipiga kifuani kwa kiganja, na kwa Kiingereza chake cha vipandevipande akasema: mtoto aliniambia, mimi sikusikia, nimefua mimi, kosa langu, samahani sana. Mimi niliona tu kwamba nimeponea chupuchupu. Mzee Walter alitikisa kichwa, akasema ni jezi tu, Mama Zuhura, ni jezi tu, akatuachia tiketi mbili alizokuwa amekuja nazo.

Tulikwenda. Mama alivaa makoti mawili na akawapigia makofi watu wa pande zote mbili, kwa sababu wote walikuwa wanajituma. Mimi sikuona mtu mwingine ila kapteni, anang'aa kuliko wenzake wote, mweupe pee. Dakika za mwisho, Bundi wako nyuma kwa bao moja, alibaki yeye na goli tupu. Akapiga. Kile kisahani cheusi cha mpira kiligonga mwamba, kikalia kama sufuria iliyodondoka, kikarudi uwanjani. Nilijikojolea. Nasema ukweli, miaka kumi na nilijikojolea. Mama alivua koti moja akanifunga kiunoni, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Mzee Walter alikuja mara moja tu baada ya hapo, kuaga. Mama alimpa mfuko wa kashata. Alipoingia kwenye lifti nilitaka kumkimbilia nimwambie ni mimi, lakini nilibaki mlangoni, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata ule uongo. Timu ilihamishwa, na huko ilikokwenda haikumaliza hata misimu miwili. Ukubwani nilikuja kujua kwamba uwanja ulikuwa umeshauzwa kabla ya mechi ile, na leo ni maghorofa ya vioo. Hata wangeshinda wangeondoka. Ilinipunguzia mzigo, lakini haikuumaliza, kwa sababu nilipoitikia kwa kichwa mbele ya yule mzee sikuwa najua habari za uwanja.

Basi juzi, baada ya harufu ile kunivuruga, nilipeleka jezi ya mwanangu kwa mama. Ilikuwa imechanika kwapani. Siku hizi anavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, lakini mkono bado ni uleule. Akiwa anatia uzi nikamwambia yote, tena kwa Kiswahili, neno kwa neno kama Mzee Walter alivyonituma.

Hakuinua hata uso. "Nilijua siku ileile," alisema. "Mtu anayeshukuru hana sura ile."

"Sasa mama, mbona hukunichapa? Hata kunisema hukunisema!"

Aliivuta sindano mpaka mwisho wa uzi. "Ningekuaibisha mbele ya mzungu wa watu, ungeogopa kunisemea tena. Na mimi katika nchi hii nzima nilikuwa na mdomo mmoja tu, Zuhura. Ulikuwa wewe."

Nililia, naye akaniacha nilie mpaka nikanyamaza mwenyewe. Halafu akakata uzi kwa meno, akainua jezi ya mjukuu wake kwa ncha za vidole, akakunja pua.

"Na hii je? Mwenyewe kasema ifuliwe au isifuliwe? Sema kweli safari hii."

"Kasema isifuliwe, mama. Wanashinda."

Akaguna. Akaigeuza ndani nje, akaikunja vilevile na jasho lake, akanikabidhi.