Mlango wa Dema

Mume wangu anashona nyavu. Ziwani wanamwita Sindano, na kwa miaka mingi sindano yenyewe ilikuwa likizoni.

Kisha mtu fulani, ambaye mpaka leo hajajitaja wala simlaumu, akamwaga ziwani kamba wekundu wa maji baridi. Wakazaana. Walikula mayai ya samaki na kuwabana waogeleaji vidole kwa magando yao. Watu wa mapumziko wakahamia kwenye bwawa la hoteli. Wavuvi hawakuwa na pa kuhamia: kila asubuhi waliinua nyavu zenye matobo, na samaki waliobaki vichwa tu.

Ndipo Sindano akawa mtu mkubwa. Foleni barazani kwangu ilianza alfajiri. "Poleni sana," aliwaambia, huku ameshanyoosha mkono kupokea wavu mwingine.

Kaka yangu alikuwa kwenye foleni hiyo. Alishasema, mwezi huu asipopata kitu anauza mtumbwi, naye hajui kazi nyingine. Nikamwomba mume wangu amsukie dema, ule mtego wa fito, awanase hao kamba, maana hoteli inawataka. Akazitazama nyavu zilizorundikana barazani. Dema likifaa, nani ataleta wavu tena?

Akalisuka. Mlango wake ng'ombe angeingia na kutoka. Nikajitia hamnazo, ila nilikasirika.

Siku ya tatu kaka akalirudisha tupu.

"Sijui kutega, shemeji," alisema. "Wewe umejitahidi. Kosa ni langu."

Mume wangu akakosa pa kuweka uso. Nilimwonea huruma, na sikupenda kumwonea huruma.

"Liache hapa," akasema mwishowe. "Mlango niliukosea mimi."

Akaufumua wote, akausuka upya, ukipungua kuelekea ndani mpaka vidole vitatu tu vipite.

Keshokutwa yake kaka alikuja na dema limejaa hadi linakwaruza. Habari haikulala. Asubuhi foleni ilikuwa barazani kama kawaida, wavuvi tisa, na hakuna aliyebeba wavu. Walitaka kujua ule mlango.

Akawafundisha mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akaweza peke yake. Walipoondoka alikuja jikoni, akasimama karibu na mlango.

"Eti," akaniuliza, "kaka yako hahitaji mtu wa kumpigia makasia?"